Kisanduku Ulichokiita Ndani

Mpendwa mke wangu, Mama Rukia,

Kile kisanduku nimekichomoa. Kimekaa juu ya kabati la vyombo, waya wake nimeuzungushia mgongoni, na vumbi limeshaanza kukikalia. Ungekiona ungechukua kitambaa ukakifuta, kisha ukanitazama kwa lile jicho lako la kuuliza kazi hii ilikuwa ya nani. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike Takaungu, karibu na mama yako, na ndiyo kwanza napata moyo wa kukuandikia. Nimetaka barua hii isomwe na kila mtu. Neno lililomo ndani yake lilitakiwa lisemwe mbele za watu ulipokuwa hai, nami sikulisema.

Nitaanzia mbali kidogo. Wanijua, sina mazoea ya kufika moja kwa moja.

Unazikumbuka zile flashi zako. Ulianza kupiga video za harusi za wanawake Rukia hajaingia hata chekechea, ukaanzia hapa Malindi, ukafika Kilifi, ukafika kwenu Takaungu, na kila harusi ilikuwa na flashi yake. Hukuandika jina la mtu juu yake. Ulisema flashi ikidondoka njiani na jina, mwenyewe ameshafichuliwa. Uliipaka rangi ya kucha: hii nyekundu, hii zambarau, hii kijani ya kung'aa, hii ina madoa mawili ya fedha. Ni wewe peke yako uliyejua ipi ni ya nani. Zote zilikaa kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, na nikilisogeza kwa mguu tu nasikia, "Hiyo amana, Baba Rukia."

Kwa wasiotoka kwetu niseme kidogo. Usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, bibi harusi anakaa juu akitazamwa na wenzake, na wanaocheza wanacheza bila kumwogopa mtu. Mlangoni shangazi yako alikaa na kapu, kila mwenye simu akaitia humo. Kamera iliyoingia ukumbini ilikuwa moja, nayo ni ya kwako. Nakala moja alipewa bibi harusi, ya pili ukaitunza wewe isije ile ya kwanza ikaharibika. Hakuna mwanamume aliyeziona. Hata mimi niliyekubebea miguu ya kamera niliishia mlangoni, nikaikabidhi, nikageuka.

Miaka yote hiyo tulilala juu ya lile bati na sikuona hata mara moja kilichomo. Nikitoka kazini nikakukuta unahariri, nilikohoa tangu ukumbini mwa nyumba, nawe ukaigeuza kompyuta ikatazama ukuta. "Pita," ungesema, nami nikapita macho yakiwa sakafuni. Nilikuwa nakutania kwamba hata mwizi haendi hivi katika nyumba ya watu, sembuse mwenye nyumba. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Nilikuwa najivuna, sikufichi. Nilijivuna kwamba wanawake wa pwani nzima wanamwamini mke wangu.

Kisha ile flashi ya kijani ikapotea. Wewe ulikuwa ukifanya kazi chumba cha ndani, Rukia akitia muziki kwenye kompyuta yake sebuleni, na flashi zikawa zinapelekwa na kurudishwa kutwa nzima. Tuliitafuta siku mbili. Ilipatikana kwenye mfuko wa ovaroli yangu ya kazi, imeshafuliwa na kuanikwa. Sijui hata iliingiaje. Ulikaa kitandani ukalia kimya kimya, na mimi sijawahi kustahimili kilio chako. Siku hiyo hiyo nikaenda mjini kununua kile kisanduku.

Kidogo tu, kipande cha sabuni ya kufulia ni kikubwa zaidi. Kina matundu manne ya kuchomeka flashi au diski, na waya mmoja wa kwenda kwenye mtambo wa intaneti. Ukishachomeka, kila kompyuta na kila simu ya nyumba ile inaziona, hakuna tena kubeba wala kupoteza. Flashi zote ulikuja kuzinakili kwenye diski moja iliyokaa humo, kila moja kwa jina la rangi yake. Nilikaa chini sebuleni adhuhuri nzima nikikitengeneza, jasho likinitiririka chini ya ile feni yetu inayonguruma. Wewe ukasimama mlangoni na bakuli la maembe mabichi. Ukaniambia, "Wewe fundi wa friji na mafeni mji mzima, feni ya kwako yanguruma hivi." Nikasema nitaitengeneza kesho.

Kisanduku kiliuliza jina. Ulifikiri kidogo, ukatafuna embe, ukasema kiitwe Ndani, kwa sababu ndani ndiko wanawake wanakokaa. Kikauliza na neno la siri. Hilo nikaliruka. Nilikwambia nyumba ina mlango, mlango una komeo, sasa neno la siri la nini tena.

"Una hakika?" uliniuliza.

"Mimi ndiye fundi," nikakujibu.

Mke wangu, maneno matatu hayo yananiamsha kila alfajiri kabla ya adhana.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya barafu, wajua. Mtaa mzima hufika Ramadhani na mabakuli kabla ya magharibi, kwa fundi wa friji barafu haikosi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jirani haulizwi mara mbili. Basi Ramadhani ile vijana wa barazani waliomba waifai, nami nikawapa vile vile nilivyotoa barafu. Niliwasomea neno lake dirishani, herufi moja moja, nikicheka. Wakampa na jirani yetu wa mkono wa kushoto, yule mwenye runinga mpya. Sikuona shida. Ningeonaje? Mimi kazi yangu ni kujua kwamba mpira wa mlango wa friji ukipasuka kidogo tu baridi yote inatoka, na sikuwaza kwamba mtu akishaingia kwenye waifai yangu amekwisha kuingia chumbani kwako.

Miezi ikapita. Halafu ikaja ile asubuhi Bi Mwanahawa alipofika kutoka Kilifi. Ulimpigia video ya harusi binti yake mwaka uliotangulia, ile flashi ya madoa mawili, kama Rukia alivyokuja kuniambia. Sikumwona, nilikuwa chumba cha pili, lakini nilimsikia. Alikwambia kuna kipande kinatembea kwenye simu za watu, mtu amekipiga kutoka kwenye runinga, binti yake anacheza nywele wazi. Mume wa yule binti amekiona kwa rafiki yake. Mtoto amerudishwa kwa mama yake, hali chakula wala hatoki.

"Mbele yako tulivua mabuibui," alisema Bi Mwanahawa, "nawe ukatuvua nguo."

Hukujua anasema nini. Alipoondoka ulilitoa bati, ukazipanga flashi zote kitandani, ukaziangalia moja moja. Zilikuwepo zote.

Alasiri yake nilitoka nikakaa barazani kama desturi, nikafungua simu. Nikaona neno Ndani. Niko nje, njiani, miguu yangu iko kwenye vumbi la mtaa, na Ndani imefunguka kwenye kiganja changu: Nyekundu, Zambarau, Madoa Mawili. Niliyaona majina tu, wallahi. Kijana aliyekaa karibu yangu alikuwa akicheza mchezo kwenye simu yake. Niliinuka, nikaingia nyumbani, nikauvuta ule waya.

Ulikuwa jikoni unakata vitunguu. Nilikwambia pale pale kwamba ni mimi, kwamba niliwapa watu waifai na kile kidude hakina neno la siri. Kisu kilisimama. Hukunitukana. Ningefurahi ungenitukana.

"Basi nenda ukamwambie Bi Mwanahawa," ulisema. "Na wale mama wengine pia. Waambie vile vile ulivyoniambia mimi."

"Kesho," nikasema.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta sababu nzuri ya ile kesho, nayo haipo. Baba zao wale vijana tunaswali safu moja. Jirani wa runinga alikuwa ameniahidi kazi. Lakini hayo yote ningeyavuka. Kilichonishinda ni kuwaza watu wakisema fundi mzima alimfungulia mtaa chumba cha mkewe. Niliogopa kuchekwa, Mama Rukia. Niliogopa kuchekwa, nikakuacha wewe uitwe mwuza aibu za watu.

Nilijiambia maneno yatapoa yenyewe. Hayakupoa. Simu yako ikaacha kulia. Harusi ya mtaa wa pili waliita mpiga picha kutoka Mombasa, na ngoma tulizisikia kutoka hapa nyumbani, wewe ukiwa umekaa na sindano na shati langu mkononi. Kila Ijumaa uliitoa kamera kwenye mkoba wake, ukaipangusa kioo, ukairudisha. Siku moja uliniuliza, bila kuinua uso, kama nilishakwenda Kilifi. Nikasema bado. Ukatikisa kichwa polepole, na hukuniuliza tena mpaka umauti ulipokufika.

Hata umauti wenyewe haukunipa nafasi. Asubuhi ile uliniagiza sabuni ya unga, nikatoka. Ulianguka kambani ukianika nguo. Presha, walisema. Siku tatu ulilala hospitalini ukinitazama na ulimi hauendi, na mimi nikakaa pale nimekushika mkono nikisema utapona, utapona, badala ya kusema lile moja ulilokuwa ukilingoja. Siku ya nne nikarudi nyumbani na leso yako kwenye mfuko wa nailoni.

Harusi ulizopiga wewe, viatu vya wanawake vilijaa mlangoni mpaka njia ikakosa kupitika. Siku ya kukuosha nilivitazama viatu vilivyokuwa kizingitini kwetu. Vilikuwa vya ndugu zako, na vya majirani wawili. Bi Mwanahawa hakuja.

Baada ya hapo nikaanza kuitafuta sauti yako. Ajabu ya mtu aliyeshika kamera maisha yake yote ni kwamba mwenyewe hayumo. Picha zako ninazo mbili, ya kitambulisho na ya siku yetu. Sauti kwenye simu hukuniachia hata moja, maana hukutaka kabisa kurekodi ujumbe. Ulisema wewe huzungumzi na chuma, mtu akikutaka akupigie. Basi umebaki kwenye flashi tu, nyuma ya kamera, ukiwaambia mabibi harusi wainue kidevu, wasilie, wanja utaharibika. Sauti yako yote iko mahali ambapo mimi si halali kuingia.

Siku moja Rukia yuko kazini nilikichomeka tena kisanduku. Nikawasha runinga. Zile rangi zikajipanga mbele yangu, na nilijua kwamba nyuma ya kila rangi upo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Wala sikuacha kwa sababu ya uchamungu, watu wasinipe sifa nisiyokuwa nayo. Niliacha kwa sababu nilikukumbuka ukigeuza kompyuta ikatazama ukuta, na nikaona hilo ndilo la mwisho lililobaki kati yetu ambalo sijaliharibu. Nikazima, nikakichomoa. Hakijawashwa tena.

Rukia aliporudi nilimwomba. Yeye ni mwanamke, anaweza kutazama. Nilimwambia sitaki picha, anikatie sauti ya mama yake tu. Mwanao amekurithi jicho, Mama Rukia. Alinitazama, akasema, "Hizo ni amana, baba. Nitazisikiliza mimi. Lakini kwanza nenda ukalimalize lile neno." Kumbe ulimwambia. Mtoto alilijua kosa langu siku zote hizo, akaendelea kuniamkia shikamoo kila asubuhi.

Nilikwenda Kilifi na ile flashi ya madoa mawili ndani ya bahasha. Bi Mwanahawa alinikaribisha ukumbini kwa sababu ya adabu yake tu, akaniletea maji, akakaa mbali. Nikasema. Nilisema yote, barafu, waifai, neno la siri, kesho.

"Mkeo alikuja hapa," alisema Bi Mwanahawa. "Alikaa hapo hapo ulipokaa. Aliniambia kosa ni lake, alisahau kukifunga kidude chake. Nikamuuliza, na mumeo je? Akasema mume wake hajui lolote katika haya."

Sikujua. Naapa sikujua kwamba ulikwenda. Ulisema unakwenda Takaungu kuzuru kaburi la mama yako, ukarudi umechoka, nikakuandalia chai, nikajiona mume mwema.

"Aliniomba radhi," akaendelea. "Mara tatu aliniomba. Nikamwambia sikupi, sitakupa mpaka naingia kaburini." "Sasa umeniletea nini, Baba Rukia? Umekuja kuniambia nilimnyima radhi mtu asiye na kosa? Nikampe wapi leo?"

Aliinuka akaingia ndani, na kilio chake nikakisikia kupitia pazia. Nilikaa pale na bahasha yangu mkononi. Baadaye pazia likasogea, akatoka mwanamke amejifunika uso wote, akanyoosha mkono. Nilijua ni yule binti. Nikampa flashi yake. "Nilijua si yeye," alisema. "Usiku ule nilikuwa natetemeka, akaiweka kamera chini akanishika mkono mpaka nikatulia. Nilijua si yeye, lakini hakuna aliyeniuliza mimi." Kisha akafunga mlango, bila hasira, kama mtu anavyofunga mlango wake jioni.

Basi hilo ndilo neno. Nimelisema Kilifi, nikalisema msikitini baada ya Ijumaa, na sasa nimeliandika. Mke wangu hakuuza video ya mtu. Hakuisahau wazi. Mimi ndiye niliyewafungulia, na aliposema uongo alisema kwa ajili yangu. Anayemnung'unikia amtoe kifuani, aniweke mimi.

Wanakuja sasa, mmoja mmoja, kuchukua flashi zao. Rukia anafungua kila moja, anamtambua mwenyewe, anampigia. Wao wakiingia mimi natoka nakaa barazani. Nawasikia wakikulilia huko ndani, wakikumbuka ulivyowatania, wakikusifu uaminifu wako. Kila sifa inanichoma, maana hukuisikia. Ulikufa ukijua kwamba mji mzima umekukataa. Nakusafishia jina nawe huna haja nalo tena, na wa kuniambia kama umenisamehe hayupo. Mtu anaweza kuomba radhi kwa kaburi mpaka magoti yakachubuka. Nimefanya hivyo, Takaungu, mara nne. Minazi tu ndiyo iliyonisikia.

Rukia alitimiza ahadi yake. Alisikiliza zote, akaniambia sauti yako imechanganyika na nyimbo na vicheko vya wenyewe, hawezi kunipa. Nilikubali. Lakini kipande kimoja alikipata ambacho hakina mwanamke mwingine ndani yake. Ulikuwa hapa nyumbani ukijaribu kinasa sauti kabla ya kwenda ukumbini. Ni kifupi, mtu anaweza kukimaliza kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Unasema moja, mbili, moja, mbili. Kisha unasema, "Rukia mwanangu, hebu mwambie babaako azime hiyo feni, yanguruma kwenye sauti." Kwa mbali nasikika mimi nikisema nitaitengeneza kesho. Unacheka kidogo, kinakatika.

Ndiyo kaskazi sasa, joto unalijua. Feni bado inanguruma. Fundi wa mafeni nina ngazi, nina bisibisi, nina siku nzima mbele yangu, na sijapanda. Kila alasiri naketi chini yake nakuwasha kwenye simu. Ukifika pale pa feni nainuka, naizima. Narudi nakaa kwenye joto mpaka unapocheka, na siiwashi tena.

Lala salama, mama. Nimeshakwenda Kilifi.

Mumeo aliyechelewa,
Baba Rukia